Roketi Yako Itashukia kwa Nani?

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikisikia pampu ya baiskeli ikipumua hunirudia yote, kuanzia jua lake mpaka harufu ya kakao. Nitakusimulia, kwa sababu juzi mlinifuata kwenye mashine yangu ya kukoboa mpunga, wewe na wenzako wa hapa Njisi, mmekumbatia machupa yenu yaliyobandikwa mabawa, mkaniomba uwanja wangu wa kuanikia mrushie roketi. Mliomba kwa adabu. Ila mlipogeuka, mmoja wenu alisema, akidhani masikio yangu yamezeeka pamoja na magoti, "Huyu babu ataelewa nini mambo ya roketi?"

Huyu babu alirusha roketi kabla baba zenu hawajaota ndevu. Kaa chini.

Shule niliiacha darasa la nne na siombi radhi kwa hilo. Ufundi baiskeli nilijifunza kwa kutazama mikono ya watu, nikafungua kibanda Kasumulu, karibu na daraja, nikawatengenezea wachukuzi waliokuwa wakivusha mizigo kwenda na kurudi Malawi. Mashine mnayoiona, nyumba ile ya matofali na huo uwanja mnaoutaka, hakuna mtu aliyenirithisha. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisemi kwa kujisifu. Au tuseme najisifu kidogo. Mtu aliyejenga kwa mikono yake ana haki ya kuugonga ukuta wake na kusema, huu ni wangu.

Basi, wakati huo chupa za plastiki za maji ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuingia kwetu. Wasafiri wa mabasi walikunywa na kuzitupa pale mpakani, nami niliziokota nikawekea mafuta ya mnyororo. Mchana mmoja nilitaka kujua kama chupa moja inavuja. Nikatia maji kidogo, nikaziba mdomo kwa kizibo nilichokipitisha valvu ya tyubu, nikaigeuza kichwa chini, nikaanza kujaza upepo. Ikatulia. Nikaongeza. Ghafla ikanitoka mkononi, pwaa! Maji yakanijaa usoni, na chupa ikapita juu ya paa la kibanda, ikapita juu ya lori lililokuwa likisubiri forodha, na watu wote waliokuwa kwenye foleni wakainua vichwa.

Mwanangu, nikuambie ukweli. Kuona watu wazima, na mizigo yao, na askari na bunduki yake, wote wameinua nyuso kwa sababu ya kitu ulichokifanya wewe, kileo hicho hakiuzwi kilabu chochote. Nikakinywa, na nikataka kingine.

Kuanzia hapo nikawa fundi wa roketi. Niliziwekea mabawa ya bati, nikaona zinanyooka. Nikagundua kwamba zikiwa nyepesi kichwani hupepesuka kama mlevi, basi nikachonga kichwa cha mti mgumu, kizito, nikakifunga mbele kwa mpira. Hapo ndipo zikapanda! Zilipita michikichi. Jioni baada ya kazi tulikusanyika kwenye jaruba la mpunga lililokwishavunwa, nyuma ya migomba ya nyumbani kwetu. Rafiki yangu Gwamaka, mchukuzi aliyekuwa na miguu ya chuma na mdomo wa chuma zaidi, ndiye alikuwa mpiga kelele wangu.

"Ondokeni! Ondokeni!" alikuwa akisema. "Leo fundi anatoboa mwezi, na mwezi hauna kiraka!"

Sasa nikueleze habari ya nyumbani, maana ninyi wa leo mila nyingine mnazisikia kama hadithi ya fisi. Nilikuwa nimeoa karibuni. Mke wangu, huyu huyu bibi yenu Tupokigwe, nilimtoa ng'ambo ya mto Songwe, kwa ndugu zetu wa Malawi ambao mila yao na yetu ni moja. Na kwa mila hiyo, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapishani njia moja. Mzee akija, binti huingia migombani na kuvuta kanga usoni mpaka apite. Si chuki. Ni heshima, tena heshima nzito inayobebwa na watu wawili, kila mmoja ameshika upande wake.

Baba yangu, tuliyemwita Tata kama Wanyakyusa wote wanavyowaita baba zao, alikuwa mzee wa kanisa, lakini mila ya mkwe aliishika kama amri ya kumi na moja. Kila alipotoka nyumbani kwake kupita upande wetu, alikohoa. Alikohoa kwa nguvu, akiwa bado mbali, ili Tupokigwe asikie na ajitenge. Hakuwa na kifua. Kikohozi kile kilikuwa hodi yake. Na Tupokigwe, mwanamke mwenye maneno mengi nyumbani kwake, alinyamaza na kujificha, halafu akipita mzee alicheka kimoyomoyo na kuniambia, "Baba yako leo amekohoa kwa furaha, nadhani kakao imekauka vizuri." Waliishi hivyo, hawajaonana, na walipendana sana.

Siku ninayoisema ilikuwa alasiri. Nilikuwa na chupa kubwa kuliko zote nilizowahi kupata na kichwa cha mti kilichonichukua muda kukichonga. Upepo wa ziwani ulikuwa umeamka. Niliuona kwenye majani ya migomba, siwezi kusema sikuuona. Lakini watu walikuwa wamejaa, na Gwamaka alikuwa ameshaanza matangazo yake. Nikajaza upepo mpaka pampu ikagoma. Nikaachia.

Ilipanda, mwanangu. Haijapata kupanda hivyo. Ilipita juu ikawa kama nzi, ikageuka, upepo ukaichukua, ikapotelea upande wa migomba. Hakuna aliyeuliza imekwenda wapi. Gwamaka alinibeba mabegani, watu wakaimba, na mimi huko juu nikapunga mkono kama mbunge.

Wakati mimi niko mabegani, ile roketi ilishuka juu ya bati la jiko letu. Kichwa cha mti, kutoka juu kule. Waliosikia walisema ni kama bunduki. Tupokigwe alikuwa ndani anasonga ugali. Alitoka mbio na mwiko mkononi, hajui kanga iko wapi wala njia iko wapi. Tata alikuwa akigeuza kakao kwenye mkeka nyumbani kwake. Aliposikia mshindo na yowe la mkwe wake, akaja mbio. Hakukohoa. Nani anakohoa akiwa anakimbilia kuokoa mtu? Kwenye kona ya nyumba yake, kando ya ule mkeka, wakagongana kifua kwa kifua. Tupokigwe, kwa hofu, akamkumbatia. Wakaanguka wote wawili juu ya mkeka wa kakao, uso kwa uso, mbele ya majirani waliokuja mbio wakidhani ni moto.

Usicheke. Haya, cheka kidogo, hata mimi sasa nacheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Tata aliinuka, punje za kakao zimemganda mgongoni, akaingia nyumbani kwake akafunga mlango. Tupokigwe aliuweka mwiko chini taratibu, akavuta kanga mpaka kidevuni, akashika barabara ya Kasumulu. Mimi nilipofika nyumbani na jasho langu la ushindi, nilikuta ugali umeungua na bati limetoboka, na hakuna mtu.

Jirani ndiye aliyenisimulia. Nilikwenda mlangoni kwa Tata, nikachuchumaa kama mtoto anavyopaswa. Alisema kutoka ndani, wala hakufungua.

"Mke wako amekwenda kwao."

"Nimesikia, Tata."

"Ningemfuata mwenyewe nikamwombe arudi. Unajua kwamba mimi siwezi."

"Najua."

"Basi nenda. Na akisema harudi, usimlaumu. Mimi mwenyewe sijui nitatoka vipi nje ya mlango huu akiwapo."

Hayo tu. Laiti angenifokea. Baba akikufokea kuna mahali pa kusimama. Akikuonea aibu, hakuna.

Nikavuka mto. Kwao Tupokigwe mwenye sauti alikuwa shangazi yake, Atuganile, mwanamke aliyekuwa akiuza usipa, wale dagaa wa ziwa letu, pande zote mbili za mpaka, na hakuna askari aliyewahi kumshinda kwa maneno. Nilimkuta ameketi kati ya vikapu vyake. Nikachuchumaa, nikaamkia, akaitikia. Nikaanza kujieleza. Nikasema ule ulikuwa upepo, mama. Upepo wa ziwani, unajua ulivyo, umegeuka ghafla.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua samaki. Halafu akasema, "Mkwe, upepo haujaoa. Wewe ndiye umeoa."

Akaokota samaki mwingine.

"Hicho kitu chako kikiruka, macho yako yanakuwa wapi?"

"Juu, mama."

"Na ya wenzako?"

"Juu vilevile."

"Na sisi wengine tunakuwa wapi?"

Ungejibu nini wewe?

"Aliye juu mngoje chini, wanasema," akaendelea. "Sasa sisi tulio chini ndio tunaongoja, na hatukuambiwa tunangoja nini. Mtoto wetu yuko jikoni anapika, kumbe anangoja mti wako kutoka mbinguni." Akatupa samaki mbovu kando. "Sitasema uache. Mwanamume ukimnyima kamchezo kake atakwenda kutafuta kabaya zaidi. Njoo nacho hapa siku ya soko. Utuambie mapema kitaanguka wapi. Kikianguka hapo, chukua mke wako. Kikianguka pengine, anakaa kwetu, na tutazungumza na wazee wako mambo mengine."

Mambo mengine, mwanangu, maana yake ni kuvunja ndoa. Nilielewa.

Nilirudi nikafanya kazi kama sijawahi kufanya kazi. Kile kichwa cha mti nilikitia jikoni. Nikachonga kingine cha sponji ya ndala chakavu, laini kama shavu. Nikakata kitambaa cha mwavuli uliokufa, nikakifunga nyuzi ili kifunguke huko juu na kuishusha polepole. Nikarusha asubuhi, nikarusha adhuhuri, nikarusha jioni, na kwa mara ya kwanza sikutazama inapopanda. Nilikimbia kutazama inaposhuka. Nikajifunza kwamba asubuhi, hewa ikiwa imelala, naweza kuiambia ianguke kwenye kichuguu na ikatii. Na nikajifunza kwamba jua likishavuka utosi, upepo ukaamka, hasa kwa ule mwavuli, haitii mtu. Moyo wangu ukapona. Kiburi nacho kikapona pamoja nao. Hivyo viwili kwangu vililala kitanda kimoja.

Siku ya soko nikafika mapema sana na pampu yangu. Hewa imetulia, hata moshi unapanda wima. Nikamwambia shangazi, mama, tuanze. Akasema, "Mkwe, nina wateja." Nikangoja. Akauza. Akasalimiana na kila mtu aliyezaliwa upande ule wa mto. Nikamkumbusha. Akasema, "Haraka yako ndiyo iliyotuleta hapa." Jua likapanda, likavuka utosi, na ndipo alipojipangusa mikono akasema, "Haya, fundi. Tuonyeshe."

Alijua. Mwanamke anayeanika samaki maisha yake yote anajua upepo unaamka saa ngapi.

Tukaenda kwenye jaruba, na nusu ya soko ikatufuata. Gwamaka alikuwapo, lakini siku hiyo hata yeye alinyamaza. Nikaisimamisha roketi. "Itaanguka pale," nikasema, "kwenye kile kichuguu."

"Na wapi haitaanguka?" akauliza shangazi.

Nikaona hilo rahisi. Nikaonyesha mgomba uliosimama peke yake ukingoni, upande mwingine kabisa. "Pale haiwezi kufika."

Ndipo Tupokigwe akatoka katikati ya wanawake. Sikuwa nimemwona tangu siku ile. Alibeba kigoda. Hakuna aliyemtuma, nilimwona shangazi mwenyewe akishtuka. Akatembea mpaka kwenye ule mgomba, akaweka kigoda, akaketi, akakunja mikono juu ya magoti.

"Jaza upepo!" akaniita. "Si umesema hapa haifiki?"

Nikajaza. Watu wakaanza kupiga makofi. Kila nilipobonyeza pampu nilisikia chupa ikikaza. Nikajiambia, haiwezi kufika pale. Kwa asubuhi zote nilizorusha haijawahi kwenda upande ule. Halafu nikainua macho kumtazama mke wangu, na juu ya kichwa chake nikaona jani la mgomba. Lilikuwa limelala. Likainuka. Likapiga kwa upande wake, kama mkono unaoita, likatulia, likapiga tena.

Mwanangu, nilikuwa na watu wa soko zima mgongoni. Nilikuwa na ndoa mbele. Sharti lilikuwa kurusha. Nikafungua valvu. Upepo ukatoka, fsssss, mpaka chupa ikalegea.

"Aaah!" watu wakaguna. Mmoja akapiga kelele, "Fundi wa maneno!" Mwingine akasema, "Mwoga! Rudi kwenye viraka vyako!"

Nikamwendea shangazi, nikachuchumaa mbele yake, mbele yao wote. "Mama," nikasema, "leo sijui itaanguka wapi."

Akasema, "Kumbe sentensi hiyo unaiweza." Halafu akageuka kwa wale waliokuwa wakizomea. "Nendeni sokoni, samaki wangu wanawangoja. Ninyi mnataka chupa iruke. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kumwachia mtoto." Na kwangu akasema neno moja tu la Kinyakyusa, "Ndaga," yaani asante. Kisha akaenda kuuza.

Tupokigwe alikuja na kigoda chake kichwani. Nikamwuliza kama aliogopa. Akasema, "Nilikuwa nimeshapanga nitakimbilia wapi." Tukavuka mto pamoja. Njiani akanipa sharti lake mwenyewe, nalo ndilo ninalotaka kukupa wewe leo. "Utarusha," alisema, "maana nakujua. Lakini kila utakaporusha, lazima awepo mtu mmoja aliyeipa roketi mgongo. Ninyi wote tazameni juu. Yeye atazame watu. Akisema subiri, unasubiri. Na mtu huyo ni mimi."

Tulipokaribia nyumbani jioni ile, hatua zake zikawa nzito. Mlango wa Tata ulikuwa bado umefungwa. Tupokigwe akasimama migombani, hajui apite au arudi. Mara tukasikia mlango ukifunguliwa, halafu, taratibu, kutoka upande wa mkeka wa kakao, kikohozi. Kikubwa, cha makusudi, kile kile. Tupokigwe akavuta kanga usoni, akaingia nyuma ya mgomba, na nyuma ya ile kanga nikamsikia analia na kucheka kwa pamoja. Tata akapita bila kugeuza shingo, macho barabarani tu. Mambo yakawa yamekwisha. Hawakuonana tena mpaka tulipomzika, na hakuna mkwe aliyemlilia baba mkwe kama yule.

Sasa nasaha yangu, nami sina maneno ya kitabuni. Uwanja nimewapa. Vichwa vya mti sitaki kuviona, tafuteni ndala. Kabla hamjajaza upepo, mmoja wenu atembee mpaka upande wa nyumba, apige hodi, aseme, jamani tunarusha. Na roketi isiondoke ardhini mpaka mmeteua mtu wa kuipa mgongo. Mtamwona kama amepewa kazi mbaya. Hapana. Huyo ndiye mkubwa wenu kwa siku hiyo.

Wala msidhani nazungumzia chupa peke yake. Mtakwenda shule ambazo mimi sikuzifikia, mtapata biashara, vyeo, magari. Pandeni. Simzuii mtu kupanda, nami nimepanda kwa kucha zangu. Lakini kila mpanda ngazi hushuka, na anaposhuka huwa anashukia juu ya paa la mtu. Ulizeni mapema ni la nani. Na siku mtakapokuwa na watu wote wanapiga makofi nyuma yenu, na jani moja tu mbele linawaambia hapana, lisikilizeni jani. Makofi hayana mke.

Bibi yenu amesimama upande wa chini miaka yote hii. Mpaka leo hajaona roketi yangu hata moja ikipanda. Nilimwuliza juzi, baada ya ninyi kuondoka, kama hajutii. Akasema yeye ameona kitu ambacho mimi sijawahi kukiona: nyuso zetu sote, zimeinuliwa, midomo wazi, kama watoto. "Hiyo ndiyo roketi yenyewe," akasema.

Njooni Jumamosi, asubuhi, hewa ikiwa bado imelala. Atakuwapo. Mikono yenu ifanye vitu vinavyoinua nyuso za watu, na kila mnachokirusha kiwarudie polepole, kishuke pasipo na mtu wa kuumia. Kyala, Mungu wetu, awatangulie huko juu, na awalindie walio chini.